Nani Ameacha Makaa, Nani Amehamisha Hesabu: Namna ya Kulinganisha Nishati za Nchi

Toleo la mwaka 2024 la takwimu za Energy Institute ya London lilieleza kwamba makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia vilichangia asilimia 81.5 ya nishati yote ya dunia mwaka 2023. Toleo lililofuata likaja na karibu asilimia 87 kwa mwaka 2024. Mtu aliyeziweka namba hizo mbili bega kwa bega angedhani kwamba ndani ya miezi 12 dunia imeng'oa paneli zake za jua na kurudi migodini. Hakuna kilichong'olewa. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu umeme wa maji, upepo na jua. Awali kila uniti ya umeme huo ilikuzwa kwenye karatasi ili ilingane na makaa ambayo yangechomwa kuizalisha. Safari hii iliandikwa kama ilivyotoka kwenye waya. Sehemu ya nishati safi ikasinyaa, sehemu ya nishati ya kisukuku ikavimba, na hakuna hata tani moja iliyochomwa zaidi kwa sababu ya badiliko hilo.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kulinganisha nchi, awe mwanafunzi mwenye tasnifu, mwandishi wa habari mwenye saa mbili kabla ya gazeti kwenda mitamboni, au mtu aliyechoka kusikia kila serikali ikijisifu, aanze kabla ya grafu. Aulize kinachohesabiwa ni nini.

Mara nyingi jibu ni ugavi wa nishati, na fomula yake ni fupi. Chukua kilichozalishwa nchini, ongeza kilichoagizwa, toa kilichouzwa nje, toa mafuta yaliyojazwa kwenye meli na ndege za safari za kimataifa, kisha rekebisha kwa akiba iliyoingia au kutoka kwenye maghala. Hii ndiyo hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lililoundwa mwaka 1974 huko Paris baada ya nchi tajiri kubanwa na mgogoro wa mafuta wa 1973. Ukiijua fomula hiyo, nusu ya mabishano ya mitandaoni huisha yenyewe, maana wengi wanaobishana wanalinganisha uzalishaji wa nchi moja na matumizi ya nyingine.

Norway ni mfano unaojulikana: huchimba mafuta na gesi kwa wingi na karibu vyote huviuza nje, huku umeme wake ukitoka kwenye maporomoko ya maji. Ukiangalia uzalishaji, ni jitu la kisukuku. Ukiangalia ugavi wa ndani, ni nchi ya wastani yenye magari mengi ya umeme. Tanzania nayo ina kisa cha karibuni. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na Ulaya ikahangaika kutafuta makaa, makaa ya Ruvuma yalipakiwa kwa wingi kwenye meli katika bandari ya Mtwara. Uzalishaji wa nchi ulipanda ghafla, lakini makaa hayo hayakuchomwa Tanzania.

Mahali pazuri pa kuiona fomula ikifanya kazi ni bandari ya Dar es Salaam. Meli moja ikishusha dizeli, shehena ile ni ya nchi kadhaa: nyingine itabaki Tanzania, nyingine itapanda malori kuelekea Lubumbashi, Kigali au Bujumbura, na nyingine itaingia bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, hadi Ndola nchini Zambia. Kwenye karatasi mgawanyo uko wazi. Barabarani hauko wazi kiasi hicho, kwa sababu mafuta ya transiti hayalipiwi kodi ya ndani, na lori linaloaga kwenda mpakani linaweza kuishia kituo cha mafuta cha jirani. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Tanzania huweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta ya soko la ndani. Mkaguzi huchota sampuli kituoni na kuipima. Vinasaba visipofikia kiwango, muuzaji ana la kujibu. Kila lita inayopenya huongeza kwenye vitabu matumizi ya nchi ambayo haikuiona, na kupunguza ya nchi iliyoichoma.

Angalia pia umbo la bidhaa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mwaka 2013. Mtu akichora grafu ya mafuta ghafi yanayoagizwa na Kenya, ataona mstari ukidondoka hadi sifuri, na akiwa na haraka ataandika kwamba Kenya imeachana na mafuta. Petroli na dizeli ziliendelea kuingia Mombasa zikiwa zimeshasafishwa kwingine. Zambia ilipita njia hiyohiyo: bomba la TAZAMA lililopeleka mafuta ghafi tangu miaka ya 1960 liligeuzwa mwaka 2023 kupeleka dizeli. Kwa hiyo jumlisha ghafi na yaliyosafishwa kila mara, na usikubali jedwali linaloonyesha moja tu.

Kipengele cha meli na ndege huonekana kidogo mpaka ufike Singapore. Ile ni bandari inayoongoza duniani kwa kujaza mafuta meli: zaidi ya tani milioni 50 mwaka 2023, kwenye kisiwa chenye watu milioni 6 hivi. Takwimu za IEA huyaondoa mafuta hayo kwenye hesabu ya nchi. Zile za Energy Institute, ambazo kabla ya 2023 zilikuwa zikitolewa na BP, huyaacha ndani. Gawanya kwa idadi ya watu na Mwanasingapore mmoja atatoka akinywa mafuta kupita Mmarekani, ilhali sehemu kubwa ya shehena hiyo iko katikati ya Bahari ya Hindi ikisukuma makontena ya watu wengine.

Vipimo havichoshi kama vinavyosemwa. Pipa la mafuta ni lita 159. Tani moja ya mafuta, kama kipimo cha joto, ni sawa na uniti 11,630 za umeme, zilezile zinazosomeka kwenye mita ya nyumbani. Wamarekani hupima makaa kwa tani yao fupi ya kilo 907, kwa hiyo makaa yao yakiachwa bila kugeuzwa yatavimba kwa asilimia 10. Gesi ina mtego wake: wapo wanaohesabu joto lote linalotoka, wapo wanaotoa joto linalopotea na mvuke wa maji, na tofauti kati yao ni karibu asilimia 10. IEA hutumia hesabu ndogo, idara ya takwimu za nishati ya Marekani hutumia kubwa. Kwa makaa, tani zenyewe hazilingani. Makaa mengi ya India yana majivu ya asilimia 30 hadi 45, na tani yake hutoa joto dogo sana kuliko tani ya Australia inayosafirishwa nje. Linganisha joto, jouli kwa jouli, na tani waachie wenye malori.

Sasa kwenye asilimia, na hapa Afrika Mashariki ina la kufundisha dunia.

Tanzania, kwa hesabu ya IEA, hupata takribani asilimia 80 ya nishati yake kutoka kwenye kuni, mkaa na mabaki ya mimea. Sehemu ya kisukuku ni ndogo mno, ndogo kuliko ya Sweden. Lakini zipo kanzidata ambazo hazihesabu kuni kabisa, kwa sababu hakuna soko linalozipima na hakuna risiti. Huko Tanzania hugeuka kuwa nchi inayotegemea mafuta na gesi kwa sehemu kubwa ya nishati yake. Wanakijiji ni walewale, mafiga ni yaleyale. Anayeandika kwamba nchi maskini za Afrika ni za kijani kupindukia na anayeandika kwamba zimezama kwenye mafuta wanaweza wote kuwa na chanzo kinachoheshimika.

Na kuni zikihesabiwa, mwelekeo wa mstari huja na maana ya ajabu. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo 2034. Sehemu kubwa ya hatua hiyo ni mitungi ya gesi. Gesi hiyo ni zao la mafuta na gesi asilia, kwa hiyo mama anayehama kutoka mkaa kwenda mtungi huongeza sehemu ya kisukuku kwenye takwimu za taifa, huku moshi ukipungua jikoni na miti ikisalimika. India ilikwisha kupita huko kupitia mpango wa Ujjwala ulioanza 2016. Mchambuzi akikutana na mstari wa Tanzania unaopanda katika miaka ijayo, asikimbilie kuulaumu kabla hajauliza umechukua nafasi ya nini.

Kenya inatoa mfano wa upande wa pili. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria huzalisha umeme mwingi, kwa jumla karibu uniti bilioni 6 kwa mwaka. Kanuni ya IEA huchukulia kwamba mtambo wa jotoardhi hugeuza asilimia 10 tu ya joto kuwa umeme, wa nyuklia asilimia 33, na wa maji asilimia 100. Basi kila uniti ya Olkaria huingizwa kwenye ugavi wa taifa kama uniti 10 za joto. Piga hesabu: uniti bilioni 60, ugawe kwa 11,630, upate zaidi ya tani milioni 5 za mafuta kwenye karatasi. Hicho ni kiasi kinachokaribia mafuta yote ambayo Kenya huchoma kwa mwaka. Uniti zilezile zikitoka bwawa la Masinga au Kiambere huhesabiwa moja kwa moja. Iwapo Kenya itachimba kisima kingine cha mvuke na Ethiopia ikaongeza bwawa la ukubwa uleule, sehemu ya kisukuku ya Kenya itashuka zaidi kwa kalamu tu.

Dawa ni kutotegemea asilimia peke yake. Weka safu tatu: kiasi chenyewe, kiasi kwa kila mtu, na asilimia. China huchoma zaidi ya nusu ya makaa yote ya dunia. Hilo ni kiasi. Kwa nishati yote ya kisukuku, nchi ndogo ya Ghuba kama Qatar huipita China mbali sana ukigawa kwa watu. Na sehemu ya makaa katika nishati ya China imekuwa ikishuka kwa zaidi ya miaka 10 huku tani zenyewe zikiongezeka, kwa sababu kila kitu kingine kimekua haraka zaidi. Kauli zote tatu ni za kweli, na kila mwanasiasa ana aipendayo.

Usichanganye umeme na nishati. Ufaransa huzalisha karibu theluthi mbili ya umeme wake kwa nyuklia, lakini magari, malori, viwanda na majiko yake ya gesi yanaiweka bado kwenye kisukuku kwa karibu nusu ya nishati yake.

Baada ya kupanga namba vizuri hubaki kazi kubwa kuliko zote: kujua kwa nini mstari umeinama. Uingereza inafaa kwa mafunzo kwa sababu mstari wake umeanguka wima. Nchi iliyowasha umeme wa makaa Holborn Viaduct, London, mwaka 1882 ilikuwa bado inapata takribani asilimia 40 ya umeme wake kutoka kwenye makaa mwaka 2012. Mwaka uliofuata serikali iliweka kima cha chini cha bei ya kaboni, ikakiongeza 2015, na gesi ikawa nafuu kuliko makaa. Upepo wa baharini ukaja nyuma yake. Tarehe 30 Septemba 2024, kituo cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar karibu na Nottingham, kilizimwa.

Siku hiyohiyo, kule Port Talbot kusini mwa Wales, tanuri la mwisho la kuyeyusha chuma kwa makaa kwenye kiwanda hicho nalo lilizimwa. Grafu ya makaa haitofautishi matukio haya mawili; yote ni tani zilizopotea. Lakini umeme wa Ratcliffe ulikuwa umeshapata mbadala ndani ya nchi. Chuma cha Port Talbot hakikuwa nao, kwa kuwa tanuri jipya la umeme lilikuwa bado halijajengwa, na mabamba ya chuma yakaanza kuletwa kutoka nje, yakiwa yameyeyushwa kwa nishati ya mtu mwingine. Mchambuzi makini hugawa mteremko wa Uingereza vipande: kilichobadilishwa na gesi (nacho bado ni kisukuku), kilichobadilishwa na upepo, kilichobadilishwa na kuni za kusagwa kutoka Marekani zinazochomwa kituo cha Drax, na kilichohamia ng'ambo.

Linganisha na Japani. Machi 2011 tsunami ilikikumba kituo cha nyuklia cha Fukushima, na kuanzia Septemba 2013 hadi Agosti 2015 hakuna kinu hata kimoja cha nyuklia kilichokuwa kikifanya kazi nchini humo. Meli za gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika zilijipanga Ghuba ya Tokyo, na utegemezi wa kisukuku ukavuka asilimia 90. Mstari wa Japani ulipanda bila mtu yeyote kupenda makaa zaidi. Anayechora Uingereza na Japani kuanzia 2012 atasema moja ina dhamira na nyingine haina. Akianza 2000 hadithi itakuwa na mkunjo katikati, na mkunjo huo una tarehe.

Kuna mistari inayoshuka ambayo haistahili pongezi. Ukraine ya miaka ya 1990 ilipunguza nishati yake kwa karibu nusu baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika: viwanda vilifungwa, watu wakaganda kwa baridi. Afrika Kusini mwaka 2023 ilikuwa na mgawo wa umeme mbaya kuliko wowote iliowahi kuupata. Mitambo ya makaa ilikuwa imechakaa na kuharibika, basi ikachoma makaa machache kuliko ilivyotaka. Ukiona makaa yanapungua Pretoria, tafuta kwanza ratiba ya mgawo, kisha paneli zilizowekwa juu ya mapaa na watu waliochoka kusubiri.

Nigeria ni kisa cha namna ya pekee. Tarehe 29 Mei 2023 ruzuku ya petroli ilifutwa, na matumizi yaliyoandikwa na mamlaka yakashuka kutoka zaidi ya lita milioni 60 kwa siku hadi chini ya milioni 50. Bei kubwa ilipunguza safari, kweli. Lakini sehemu ya lita zile hazikuwahi kuchomwa Nigeria. Zilikuwa zikivuka mpaka kwa pikipiki na mitumbwi hadi Benin, ambako petroli ya magendo, kpayo kwa jina la huko, huuzwa kandokando ya barabara ndani ya chupa na madumu ya kioo. Bei zilipokaribiana magendo yakakosa faida, na takwimu za Nigeria zikapungua pamoja nayo. Popote penye ruzuku, weka alama ya kuuliza kwenye namba za mafuta za nchi hiyo na za majirani zake.

Ukame nao huinamisha mistari kwa muda. Tanzania ya mwaka 2006 na 2011 ilikodi mitambo ya dharura mabwawa yalipokauka, na mafuta yakapanda kwa sababu mvua haikunyesha. Sasa bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha tangu mapema 2024, na mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo ikapumua. Mwaka mmoja wa mvua nyingi usichukuliwe kuwa mwelekeo. Tumia wastani wa miaka 3 au 5.

Mwaka wa kuanzia ndio silaha ya wajanja. Aliyeanza na 2020, mwaka wa korona, ataonyesha nchi nyingi zikipanda. Epuka pia 2009 na mwaka wowote wa mgogoro, au chora mfululizo mzima na umwachie msomaji kuona shimo. Mipaka nayo hubadilika: Sudan Kusini ilipojitenga 2011 ilichukua visima vingi vya mafuta, na mstari wa Sudan ukakatika bila kisima kukauka. India huhesabu makaa yake kwa mwaka wa fedha wa Aprili hadi Machi. Ilipotangaza kuvuka tani bilioni 1, ilikuwa kwa mwaka 2024-25, mwaka unaopishana kwa miezi mitatu na mwaka wa kalenda wa jedwali la China.

China yenyewe iliwafundisha watafiti unyenyekevu mwaka 2015. Baada ya sensa ya uchumi, ofisi yake ya takwimu ilirekebisha miaka iliyopita, na makaa ya mwaka 2012 peke yake yakaongezeka kwa takribani tani milioni 600. Tafiti zilizotumia jedwali la zamani zilipitwa na wakati bila waandishi wake kukosea. Kwa sababu hiyo andika chini ya kila grafu mambo manne: chanzo na toleo lake, tarehe uliyopakua, kama kuni zimo au hazimo, na kama mafuta ya meli na ndege yamo. Ongeza kanuni iliyotumika kwa umeme wa nyuklia na jotoardhi ikiwa nchi mojawapo inavyo. Mistari miwili midogo inatosha.

Anayetaka kujipima achukue bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati yake ziko Tanzania. Kabla ya kufungua kanzidata yoyote, aandike kwenye karatasi mafuta hayo yataonekana wapi: kwenye uzalishaji wa Uganda, kwenye mauzo yake ya nje, kwenye ugavi wake wa ndani, kwenye uagizaji wa Tanzania, au kwenye ugavi wa nchi itakayoyasafisha. Safu mbili kati ya hizo tano zinapaswa kubaki tupu kwa shehena zote zinazopita Chongoleani kwenda ng'ambo.